Vigingi Alivyong'oa Babu

Uwanja wa Ndege, Pwani
2 Agosti 1953

Mwanangu Danford,

Salamu zangu zikufikie wewe, mama yako Nesta, mkeo, na huyo mjukuu wangu Ruti ambaye mpaka leo nimemwona kwa masikio tu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na joto la huku nimeshalizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele.

Uwanja wetu unapanuliwa. Ndege za injini nne zinakuja, na njia ya zamani ya kurukia haiwatoshi wakubwa hao, basi inarefushwa upande wa mashariki kwa hatua mia tano. Abiria akishuka huona maua, vioo na karani aliyefunga tai. Hajui kwamba chini ya viatu vyake kuna mitaro, mabomba ya maji, mabomba ya mafuta, na sasa nyaya za taa. Zamani za vita tulikuwa tunapanga vibatari kandokando ya njia kwa mikono yetu, kimoja kimoja, na upepo ukivizima tunakimbia kuviwasha tena huku ndege inazunguka juu ikingoja. Mwaka huu tunafukia nyaya, na mtu mmoja atabonyeza kitu ukutani, njia nzima iwake. Hayo yote ya chini ni yangu mimi na watu wangu ishirini na wawili. Huu ni mwaka wa kumi na mbili mimi ni nyapara wa mitaro, na sijawahi kuitwa ofisini kwa ubaya.

Kazi inakwenda vizuri kabisa. Mama yako asiwe na wasiwasi wowote.

Niandikie upesi, uniambie kama mtoto amechukua pua yangu au Mungu amemwepushia.

Mimi baba yako,
Zebedayo


Itumba
30 Agosti 1953

Babu yangu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni Ruti, mjukuu wako, mwenye miezi minane na meno mawili ya chini. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine wa kukuandikia. Baba alikwenda migodini Rodezia mwezi wa Juni, akapitia Tunduma pamoja na vijana wa Msangano, na barua yako imemkosa. Bibi Nesta hajui kusoma. Mama anajua, alisoma kwa wamisionari mpaka darasa la sita, lakini wewe unajua kuliko mimi kwamba kwetu mke wa mwana hamwandikii baba mkwe, kama asivyomtazama usoni wala kutaja jina lake. Kwa siku tatu barua yako ilikaa juu ya kasha, watu wazima wawili wakiitazama. Ndipo Bibi akasema, "Mtoto hana mwiko. Mtoto asome, mtoto ajibu."

Basi naandika. Kalamu nashikiwa.

Pua ni yako. Bibi ameiangalia kwa pande zote mbili, akasema, "Ni yenyewe, maskini." Nakula ndizi iliyopondwa, na juzi nimekula udongo kidogo walipogeuka.

Babu, tuna shida ya maji. Ile bustani ya bondeni, mwaka jana maharage yote yaliozea ndani ya maji, tukavuna debe moja tu. Mwaka huu tumeamua kuchimba mtaro kabla ya mvua. Atachimba jirani yetu Boazi. Wewe ndiye bingwa wa mitaro katika ukoo huu, tuambie kina kiwe kiasi gani na tuuelekeze vipi.

Kwenye bahasha tumeandika "Nyapara wa Mitaro, Uwanja wa Ndege", kwa kuwa anayenishikia kalamu hawezi kuliandika jina lako. Jumapili iliyopita alipewa asome somo kanisani, la wale ndugu wawili walioacha nyavu na baba yao chomboni. Alipofika kwenye jina la huyo baba, akakohoa. Likaja mara ya pili, akakohoa tena. Mchungaji akaagiza aletewe maji.

Ni mimi mjukuu wako,
Ruti binti Danford


Uwanja wa Ndege, Pwani
24 Septemba 1953

Mke wangu mdogo Ruti,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha mno, ingawa mimi nilikuwa mtu wa tano kuisoma. Hapa manyapara tuko wanne, na yule aliyeipokea kwanza ni Raphaeli, nyapara wa bustani, mtu asiye na siri. Aliifungua, akaisoma mbele ya watu wakati wa uji, na tangu siku hiyo nikipita wananiuliza, "Jino la tatu vipi, Babu?" Ningeweza kukuambia umwombe anayekushikia kalamu aandike jina langu. Sikuambii. Mila si koti, kwamba mtu akifika kwenye joto analivua. Nimefurahi kwamba mwanangu amepata mke aliyelelewa.

Habari ya mtaro wenu. Kina kiwe cha magoti, upana wa majembe mawili, kingo zilazwe kidogo zisiporomoke. Mteremko Boazi atauona kwa jicho. Mtu wa milima ya Ileje hafundishwi mteremko.

Sasa nikuambie jambo, kwa kuwa wewe huna meno ya kutosha kulitoa nje. Injinia wetu ni Bwana Harwood, mtu mrefu asiyecheka. Alipima mtaro mpya wa mashariki kwa darubini yake ya miguu mitatu, akapigilia vigingi arobaini, kila kimoja na mstari mwekundu, akasema tuchimbe kwa kufuata mistari. Vigingi vilikuwa vinakwaza majembe. Tena, kusema kweli, nilichukia. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo hata kuku anajua maji yanakwenda wapi, nielekezwe kwa vijiti? Nikaving'oa. Nikachimba kwa jicho, na mtaro umetoka mzuri, umenyooka, watu wanapita wanausifu. Yeye anadhani vigingi vimefukiwa na udongo.

Ila wiki iliyopita ilinyesha mvua ya robo saa, na maji yakasimama katikati ya mtaro. Nilijiambia ni udongo mpya, utatulia. Jana Bwana Harwood akaniita ofisini. Akasema mvua za Novemba zikija na maji yakapanda kwenye njia mpya, kazi yote ya mitaro atapewa kontrakta, nami nitakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani.

Mjukuu wangu, nyumbani napataka. Lakini sitaki kupelekwa hivyo, baada ya miaka kumi na miwili, kama jembe lililovunjika mpini. Watu wa Itumba wataniuliza nimerudi kwa nini, nami nitasema nini? Naogopa, na sina wa kumwambia hapa, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao.

Usimwambie Bibi. Najua ameshasikia, yuko hapo hapo ubavuni mwako.

Babu yako,
Zebedayo


Itumba
14 Oktoba 1953

Babu yangu, shikamoo.

Bibi amesikia yote. Aliacha maji ya ugali yachemke mpaka yakapungua, halafu akasema, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Baada ya hapo akaniagiza nikuambie kwamba amesema kwa upendo.

Sasa sikia yaliyotupata. Boazi alichimba kama ulivyoagiza, kina cha magoti, mteremko kwa jicho. Mtaro ukatoka mzuri, umenyooka, watu wanapita wanausifu. Mama akasema tusingoje mvua ituumbue, tuujaribu. Wakabeba maji ndoo kwa ndoo wakayamwaga upande wa juu. Yakaenda vizuri mpaka katikati, yakasimama, yakafikiri, halafu yakaanza kurudi kwetu. Bibi alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, nikacheka kwa sababu Bibi anacheka.

Ndipo tukajua, Babu, kwamba jicho la mtu wa milimani ni mwongo likifika mahali pa tambarare. Limezoea kuona kilima, kwa hiyo likikosa kilima linajitengenezea. Pale bondeni kilima cha nyuma kinatufanya tuone kwamba ardhi inashuka kutoka kwake, kumbe bonde limelala tu kama mkeka.

Tulichofanya ni hiki. Tulikata mwanzi mnene, tukaupasua kwa urefu, tukabakiza mafundo ya mwisho huku na huku ili yazuie maji. Ukiulaza chini na kuujaza, maji yenyewe yanakuonyesha: yakifika mdomoni pande zote mbili kwa pamoja, ardhi iko sawa, yakimwagika upande mmoja, huko ndiko kwenye mteremko. Tukaenda hivyo urefu wa mwanzi kwa urefu wa mwanzi, tukipigilia kijiti kila mahali, mpaka mtoni. Kazi ya siku nne. Sasa maji yanatoka yenyewe, hayaombwi.

Babu, huko kwenu hakuna kilima hata kimoja. Je, karibu na mtaro wako kuna kitu kinachoshuka, ukuta au uzio? Huenda jicho lako linakifuata hicho. Mwaga maji sasa kabla mbingu hazijamwaga. Na vile vigingi ulivyoving'oa, virudishe. Bibi anasema umwambie ukweli yule bwana mrefu asiyecheka, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Hapo mama aliandika haraka.

Sisi huku hatutaki urudishwe. Tunataka urudi.

Mjukuu wako,
Ruti, meno manne


Uwanja wa Ndege, Pwani
6 Novemba 1953

Ruti,

Barua yako ya tarehe 14 imefika, lakini haikufika kwangu.

Kuna karani mpya wa barua hapa uwanjani, aliletwa mwezi uliopita, hawajui manyapara. Ameona "mitaro", akajua mkubwa wa mitaro ni injinia, akaiweka kwenye sahani ya barua za injinia. Bwana Harwood anasoma Kiswahili kama karani wa mahakama. Aliifungua akidhani ni yake, na alipogundua si yake alikuwa ameshafika kwenye mwanzi, hakuweza kuacha.

Jumatatu aliniita. Niliona mwandiko mezani tangu nikiwa mlangoni, nikajua kwamba leo ndiyo leo.

"Ruti ni nani?"

"Mjukuu wangu, bwana."

"Anafanya kazi wapi?"

"Bado hajaanza kazi, bwana. Ana miezi kumi."

Akaitazama barua, akanitazama mimi, akaitazama barua tena. Kisha akauliza, "Na vigingi vyangu?"

"Nilivitoa, bwana. Niliving'oa mimi mwenyewe. Watu wangu hawana kosa, walifuata neno langu."

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alichukua kofia, akasema, "Twende." Kule mtaroni hakuleta darubini. Aliagiza kipande cha bati la kukingia maji ya paa, akaziba ncha zake mbili kwa udongo, akakijaza maji, akakilaza kwenye sakafu ya mtaro wangu mbele ya watu wote ishirini na wawili. "Mteremko unakwenda wapi, Zebedayo?" Nikaonyesha mashariki. Maji yakamwagika magharibi. Tukasogea, yakamwagika magharibi. Kwa hatua sitini nzima nilikuwa nimeyachimbia maji njia ya kurudi yalikotoka.

Halafu akauangalia uzio. Nguzo zake upande wa mashariki ni fupi, kwa sababu mbao ndefu ziliwaishia waliojenga, na juu yake panashuka taratibu, vizuri sana, kama mgongo wa kilima cha kwetu. Miezi miwili nilikuwa nafuata uzio. Bwana Harwood akasema tu, "Mjukuu wako aliuliza habari ya uzio."

Niliwaambia watu wangu kwamba nimekosea. Lusubilo, msaidizi wangu, aliangalia viatu vyake. Tumepewa vigingi vipya na tunachimbua upya tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Kuhusu tiketi hajasema lolote, wala mimi sijauliza. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa bahari. Mvua ndiyo itakayosema.

Babu yako,
Zebedayo


Itumba
25 Novemba 1953

Babu, shikamoo.

Safari hii hukuniita mke wako mdogo. Nimeitafuta barua nzima, juu na chini, sikuona.

Anayenishikia kalamu ana hali mbaya. Anasema ni yeye aliyekuponza. Angekuwa ameandika jina lako kama watu wengine wanavyoandika, barua ingekufikia mkononi, ungerudisha vigingi kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Ameheshimu jina, akaharibu kazi ya mwenye jina. Chakula anakigeuzageuza tu. Bibi amemwambia, "Wewe, mimi nimeishi na mtu huyo miaka thelathini. Hakukasirika. Ameaibika, na akiaibika salamu zake zinakuwa fupi. Mngoje." Lakini hajatulia.

Kwa kuwa siri zimeshaanza kutoka, na hii itoke. Boazi hakuchimba mtaro. Boazi yuko Tunduma tangu Agosti, anauza mchele wa Kamsamba kwa watu wa ng'ambo, na hana habari hata ya jembe. Aliyechimba ni mama, mara mbili, mimi nikiwa mgongoni. Aliogopa kwamba ukisikia mke wa mwanao anachimba mitaro kama mwanamume utamkasirikia baba kwa kutuacha. Baba asigombezwe. Alituaga vizuri na alituachia kuni za miezi mitatu.

Tena ameandika! Yuko mzima, amepewa kazi chini kabisa ya mgodi, anapakia mawe kwenye vigari. Bibi aliposikia alisema, "Mume wangu chini ya ardhi, mwanangu chini ya ardhi, mkwe wangu mtaroni. Ukoo huu ni wa fuko." Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Huku mvua imenyesha mara tatu. Maji hayakusimama bustanini na maharage yametoa majani manne manne. Tukiyaangalia tunakukumbuka, halafu tunaogopa tena. Tuambie tu maji ya huko yamesemaje, hata kama ni mabaya.

Ruti


Uwanja wa Ndege, Pwani
9 Desemba 1953

Mke wangu mdogo, kipenzi changu, Ruti,

Umeona? Nimekuita mara mbili, na lile deni nimelilipa.

Mvua ilikuja tarehe mosi, saa tatu asubuhi, nzito, ya aina ile inayofanya watu wasimame mlangoni waishangae. Ndege ya kwanza ya injini nne ilikuwa inatarajiwa saa saba mchana. Nilikwenda kusimama pale katikati ya mtaro, kwenye hatua zangu sitini za aibu, bila mwavuli, kwa sababu mtu hangoji hukumu chini ya mwavuli. Lusubilo akaja. Watu wengine wakaja, ingawa sikuwaita. Mwisho akaja Bwana Harwood na viatu vyake vya mpira, akasimama kando yangu. Maji yakafika. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi kama mtoto anayetolewa mwiba. Yakapita, Ruti! Hayakusimama, hayakufikiri, yakapita mbele yetu yakaenda zake chini ya njia na kutokea upande wa pili, na Lusubilo akapiga ukelele wa kwetu ambao nadhani waliusikia mpaka mjini.

Saa saba ndege ikatua kwenye njia kavu. Wakashuka watu arobaini na kitu. Bibi mmoja alilalamika kwamba tope limemrukia soksi. Hakuna hata mmoja aliyejua kilichokuwa kinapita chini yake, nami nikawapenda wote kwa kutojua kwao.

Bwana Harwood aliniambia, "Mitaro ni yako, Zebedayo. Kontrakta haji." Alipokwisha kugeuka aondoke, akarudi hatua mbili akauliza, "Mjukuu hajambo?"

Sasa mwambie anayekushikia kalamu maneno haya, umwambie polepole. Hakuniponza. Kama barua ingenifikia mkononi, najijua, ningeikunja nikaitia mfukoni, nikasema watoto wa siku hizi. Nisingerudisha hata kigingi kimoja. Ilibidi ukweli uingie kwa mlango ambao mimi sikuushikilia. Nimewaambia watu wangu wote, Raphaeli akiwa shahidi, kwamba aliyetuponya ni mke wa mwanangu Danford, aliyechimba mtaro mara mbili na mtoto mgongoni. Habari ya Boazi nilijua tangu mwanzo. Boazi namfahamu tangu akiwa mdogo, hajawahi kumaliza mtaro. Danford simgombezi, ila mwambie kuni za miezi mitatu si kitu cha kujisifia.

Kuna jambo jingine. Miezi hii yote nilikuwa naiogopa ile tiketi. Siku ya pili baada ya mvua nikaenda ofisini bila kuitwa, nikaiomba. Bwana Harwood alidhani hakunisikia vizuri. Nikamwambia mtu akifukuzwa hurudi kichwa chini, lakini mimi sasa sifukuzwi, kwa hiyo naweza kwenda. Amekubali kwa sharti moja. Hapa uwanjani kuna mabomba na nyaya za zamani ambazo hazimo kwenye ramani yoyote, ziko kichwani mwangu tu. Kwa hiyo mpaka Pasaka natembea na mchoraji, namwonyesha hapa kuna bomba, hapa kuna waya, hapa tulizika karavati, lile bomba kubwa la kupitishia maji chini ya njia, mwaka wa arobaini na nne, naye anachora. Kila siku kichwa changu kinakuwa chepesi zaidi. Lusubilo atashika kazi yangu, na ameshaapa juu ya vigingi.

Baada ya Pasaka nakuja nyumbani moja kwa moja.

Ila nimekuwa nikifikiri. Uwanja wetu wa nyumba ni mmoja, na kisima ni kimoja. Nikiwa pwani mama yako alikuwa huru. Nikirudi atakuwa anajificha migombani kila nikikohoa, na kugeuka kila nikitokea. Sitaki awe mkimbizi nyumbani kwake, hasa huyu. Naweza kujenga kwa mbali kidogo, upande wa kanisa. Ulizia wanaonaje.

Babu yako anayekupenda,
Zebedayo


Itumba
3 Januari 1954

Babu yangu, shikamoo.

Nimetimiza mwaka mmoja na nimesimama bila kushikwa, nikahesabiwa mpaka saba.

Barua yako ilisomwa mara tatu. Mara ya kwanza mama alifika pale maji yalipopita, akashindwa kuendelea kwa sababu ya machozi, na Bibi akamwambia, "Lia, lakini usilowanishe karatasi, bado hatujasikia mwisho." Mara ya pili alisomewa mchungaji. Mara ya tatu ilisomwa kwa sababu tulitaka tu. Jioni hiyo mama alikula sahani mbili.

Habari ya kujenga upande wa kanisa, Bibi amekataa hata kuifikiria. Anasema miaka kumi na miwili amekaa na mume wa mbali, hataki mwingine wa kule kanisani. Utakaa hapa hapa kwako.

Na mama pia amekataa, kwa njia yake. Siku iliyofuata alichukua jembe akatoka kabla hatujaamka. Njia ya kwenda kisimani ilikuwa moja tu, wewe unaijua. Sasa ziko mbili. Amechimba wiki mbili, watu wakimuuliza anafanya nini anasema anasafisha. Zinaachana hapa nyuma ya nyumba na hazikutani tena mpaka majini, na katikati yake ameacha migomba ili anayepita huku asimwone anayepita kule. Utatoka unapotaka, utakohoa unapotaka, na hakuna atakayekimbia.

Njia yako inazunguka kilima taratibu, ni pana, haina jiwe, na ina mahali pa kukaa chini katikati. Ile nyingine inapanda moja kwa moja juu ya miamba. Hiyo ni ya mama, na anasema inamtosha.

Njoo salama.

Mjukuu wako,
Ruti